Dundu wa Mizinga Mikuukuu

Mimi Felista nina mdomo, hilo kijiji kizima kinalijua, na ndiyo sababu kikundi chetu cha wafuga nyuki kimenichagua mwenyekiti mara tatu. Kwa hiyo siku Joyce aliponionyesha picha ya yule mdudu kwenye simu yake nami nikakaa kimya, alishangaa.

"Mama, umewahi kumwona huyu?"

Joyce ni binti wa chuo kikuu, mtafiti wa wadudu. Alikuwa amekaa kwangu wiki tatu. Asubuhi anaingia kwenye kichaka, jioni anatoka nguo zimechanika na mikono mitupu. Kichaka chetu si cha mchezo. Kinaanza ng'ambo ya reli, nje kidogo ya Itigi, miti myembamba imesongamana mpaka mbuzi anapata tabu kupenya. Humo ndimo tunamotundika mizinga yetu ya magogo, na asali ya humo imenisomeshea watoto wanne.

Kichaka hicho kilikuwa kimebakiza siku nne. Ijumaa mkutano mkuu wa kijiji ungepitisha kifyekwe, watu wagawiwe mashamba ya alizeti. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Filipo, alishamwambia Joyce mbele za watu, "Nionyeshe huyo mdudu wako ana makazi humu, ajenda hiyo naifuta na tutakiombea kichaka hifadhi. Ukishindwa, Jumamosi trekta linaingia."

Nikaitazama tena ile picha. Dundu mweusi, mkubwa kama harage, na mstari wa njano mgongoni. Joyce alisema alipigwa picha humu zamani, na hajawahi kupatikana mahali pengine popote duniani.

"Nimemwona," nikasema.

"Wapi?"

"Kwenye moto."

Ikabidi nimweleze. Sisi wafuga nyuki dundu tunamjua kama mwizi. Akiingia kwenye mzinga anaharibu masega, asali inachacha, nyuki wanahama. Tukiukuta mzinga umehamwa na ndani mna madundu, hatuulizi zaidi. Mimi ndiye niliyeleta sheria kwamba kila Januari mizinga yote mikuukuu ishushwe ichomwe, na atakayeficha atoe jogoo. Miaka sita nimesimama kando ya moto ule na fimbo, nahesabu mizinga.

Joyce aliketi chini pale pale uani. "Mama, yule mharibifu ni mdogo, wa kahawia, hana mstari. Huyu hali asali. Anakuja nyuki wakishaondoka, anataga kwenye gogo lililooza, na funza wake wanakula ule mti. Zamani alikuwa na magogo yaliyoanguka yenyewe. Wachoma mkaa wameyamaliza, akabaki na mizinga yenu."

"Kwa hiyo hakumfukuza nyuki hata mmoja."

"Hata mmoja."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halafu nikakasirika, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikachukua panga na kumwambia tuondoke. Siku mbili tulizunguka na kupasua kila kisiki na kila tawi lililolala chini. Tulipata siafu, nge na nyoka mmoja. Jumatano jioni Joyce alikaa kwenye kisiki akaanza kulia, nami nikajua nimekwepa vya kutosha. Kulikuwa na mtu mmoja aliyekataa sheria yangu, na mtu huyo sikuwa naongea naye.

Hosea ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Miaka miwili iliyopita alificha mzinga mmoja. Nilimtoza jogoo, akatoa, na mwaka uliofuata akaficha tena. Nikamfukuza kwenye kikundi. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipishana naye njiani bila kumwamkia, mdogo mtu mimi, na watu wanaona. Yeye naye alipolipa kisasi alilipa sawasawa: jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaotaka mashamba ya alizeti.

Alhamisi asubuhi mimi na Joyce tulimkuta uani kwake anapura alizeti kwa fimbo. Alituona, akaendelea kupiga.

"Shikamoo, kaka."

Akapiga mara tatu nne hivi. Nilisimama. Niliapa moyoni kwamba hata jua likinizamia pale sitaondoka bila jibu.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekosa." Nikamweleza yote, bila kupunguza. Joyce akamwonyesha picha. Hosea aliweka fimbo chini akaitazama.

"Hawa wapo," akasema. "Wapo kwenye mzinga wa baba."

"Mzinga wa baba?"

"Ule aliouchonga mwaka aliokufa. Nilikwambia siwezi kuuchoma. Ukaniambia sheria haina baba."

Kweli nilisema hivyo. Sikuwa hata nimeuliza ni mzinga upi.

"Nisamehe, kaka."

"Nitawapeleka," Hosea akasema. "Lakini haya uliyonieleza hapa uani, kesho utayasema kwenye mkutano. Pale pale uliponifukuzia."

"Nitayasema."

Tulitembea saa mbili, tukimaliza kwa kutambaa. Mzinga ulikuwa chini, umeoza upande mmoja, umeezekwa kwa nyasi ili mvua isiumalize. Joyce alichungulia kwa tochi, akaweka mkono mdomoni. Walikuwa kumi na mmoja, na funza wengi katikati ya unga wa mti. Nilitaka kushangilia, nikajikuta nalia kwa ajili ya baba.

Ijumaa asubuhi tulimpeleka Bwana Filipo akajionea mwenyewe. Alirudi amechubuka mikono, na mkutano ulipofunguliwa hakuzungusha maneno.

"Wadudu nimewaona," alisema. "Ila nilitamka makazi. Mzinga mmoja wa mtu mmoja si makazi. Huo hata mkiubeba mkauweka sokoni watakaa. Siwezi kuzuia mashamba ya kaya themanini kwa gogo moja."

Watu wakapiga makofi. Joyce alinitazama. Hosea hakunitazama, alikuwa anangoja.

Nikasimama.

"Mnanijua," nikasema. "Miaka sita nimewachomesha mizinga yenu. Niliwaambia dundu huyu ni mwizi, nami sikumjua. Nimechoma makazi yake kwa mikono yangu, nikamtoza kaka yangu jogoo, nikamfukuza, nikamnyima hata shikamoo, kwa sababu hakutaka kuchoma kazi ya baba yetu. Sheria ile ilikuwa ya uongo na leo naifuta. Mwenyekiti, kama makazi yamebaki gogo moja, aliyeyamaliza ni mimi. Msimfyekee mdudu kichaka kwa kosa langu."

Kisha nyuma kabisa, mama Theodora, mwanakikundi wangu mtiifu, anayewahi kufika kila Januari na kuni zake, akainua kidole.

"Mimi ninayo miwili," akasema kwa sauti ndogo. "Niliificha upande wa bondeni. Ilikuwa ya marehemu mume wangu."

"Una miwili ya nini?" Bwana Filipo akauliza.

"Mizinga mikuukuu. Na hao wenye mstari wamo, nimewaona."

Fabiano akasimama, uso ameinamisha. Yeye alikuwa na mitatu. Mkewe akamvuta shati, akamkumbusha kwamba ni minne. Yohana mmoja. Gaspari, mweka hazina wangu, aliyekuwa akipokea wale majogoo wa faini, mitano. Vidole viliendelea kuinuka mpaka Joyce, aliyekuwa akiandika, akaangusha kalamu. Ilikuwa mizinga ishirini na sita, kila upande wa kichaka.

Damu ilinipanda kichwani. "Kumbe miaka yote hii mlikuwa mnanidanganya!" nikafoka. "Mnaleta magogo ya kuni mnaniambia ni mizinga!"

"Tulikuwa tunakuogopa, dada," Gaspari akasema.

Bwana Filipo alichukua karatasi ya ajenda, akapiga mstari katikati, akaiweka mezani watu wote waione. Nilitaka kuendelea kufoka, ndicho ninachokijua. Niliwatazama wale waongo wangu mmoja mmoja, vidole bado viko juu, na neno pekee lililotoka lilikuwa asanteni.