Mama Ndeti Hana Kazi

...na hiki kiduara bado kinazunguka, kinazunguka tu katikati ya skrini kama kimelipwa kuzunguka, na Nekoye ameweka kidole juu ya kipanya, tayari, maana ukurasa ukifunguka ni kubonyeza mara moja tu, nil, yaani sifuri, mama huyu hana mapato, asante mama, anayefuata, na Mama Ndeti atashuka ngazi akiwa ametimiza sheria, foleni itasonga na bosi atanyamaza, lakini ukurasa haufunguki, ni siku ya mwisho ya kurudisha taarifa za kodi na Kenya nzima imeingia mtandaoni kwa pamoja, watu waliopewa nusu mwaka mzima wa kufanya jambo hili, nusu mwaka jamani, wakangoja leo, wamepanga foleni kutoka hapa ofisini mpaka kwenye bucha kule chini, na harufu ya nyama choma inapanda ngazi bila huruma na yeye hajatia kitu tumboni... "Nekoye! Huyo bado?" ndiye Ambrose, bosi, anapita nyuma ya viti vyao na mikono mfukoni, "piga nil, next, hapa si kanisani watu wanaungama," na Audrey wa meza ya pili anacheka huku vidole vikikimbia, Audrey haulizi mtu swali, Audrey ameshahudumia watu wengi kuliko wote, na jioni Ambrose atachagua mmoja tu wa kubaki kwenye kampuni msimu ukiisha, na Nekoye anaitaka nafasi hiyo, anaitaka sana, ndiyo maana asubuhi akitoka Laini Saba alijiapia kwamba leo hataongea ovyo, nil, nil, nil mpaka jioni, sasa nani alimtuma amuulize huyu mama anafanya kazi gani, mdomo huu nao, na mama akajibu kama wanavyojibu wote tangu msimu uanze, akiinama kidogo, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyekosana naye, "Sina kazi, msichana wangu, nifanyie tu ile ya mwaka jana"... hana kazi, na leso yake inanuka moshi na maharagwe, hana kazi, na mkono wake una kovu refu la mvuke, hana kazi, na simu inamlilia mara ya tatu sasa, "Ndeti, koroga hiyo githeri, usiache ishike chini, na watoto wa nursery uwape kwanza, umesikia? wa nursery kwanza," kisha anairudisha kifuani na kukaa kama asiye na kazi, na Nekoye anataka kucheka na anataka kulia, yote mawili.

...kwa sababu mwaka jana alikaa hapa hapa, Mama Ndeti mwenyewe amesimulia, kwenye kiti hiki hiki, wakampigia nil, kisha akaenda sacco kuomba mkopo wa jiko kubwa, maana anapikia shule moja hapa Kawangware, na ya pili imemwomba awapikie nayo, na hilo jiko dogo haliwezi, na sacco wakatazama karatasi yake wakasema mama, hapa umesema huna mapato, utalipa na nini, "na kweli si ni mimi nilisema?" akacheka alipofika hapo, alicheka jamani, na sasa amerudi kuomba ile ile, "Watu wa kodi wakijua napika si watanikujia?" na ile shule ya pili inamngoja mpaka Agosti tu, isipompata itatafuta mwingine... kidole bado kiko juu ya kipanya... huenda atadaiwa kodi kidogo, huenda asidaiwe chochote, hilo linahesabika, lakini kulihesabu kunataka muda, na kila dakika inayopotea hapa ni faida ya Audrey... hata baba yake Nekoye alikuwa hivyo, Khaemba fundi wa mawe, siku ile mwalimu alipotaka kila mtoto asimame aseme mzazi wake anafanya kazi gani, na usiku kabla baba alikuwa amemwambia, sema baba hana kazi, hii ya mjengo si kazi, ni kujishikilia tu, naye akasimama akasema, baba yangu hana kazi, ndani ya darasa ambalo plasta yake aliipiga baba mwenyewe likizo iliyopita, na jioni baba akamuuliza, "Ulisema?" "Nilisema," na baba akaendelea kunawa saruji mikononi, akanawa muda mrefu, na yeye hakujua kwa nini alikuwa na huzuni kiasi kile, alikuwa mdogo, sasa anajua, alitaka baba amwambie amekosea... "Nekoye, unalala?" halali, bosi, yuko macho kabisa, pengine leo ndiyo mara ya kwanza yuko macho tangu aingie ofisi hii, kwa sababu hawa hawadanganyi, wala si wakwepa kodi wa kutisha mtu, wameambiwa miaka mingi kwamba kazi ni ile yenye tai na kitambulisho shingoni mpaka wameamini, na yeye anapenda kuwauliza, ndiyo hivyo, anapenda, hata Ambrose akimchagua Audrey bado atapenda, Mideva wa Laini Saba ana kibanda cha simu chenye meza ya ziada isiyo na mtu, alishamwambia, kuja ukae hapa, watu wanatafuta mtu wa kuwafanyia hizi vitu bila haraka, na yeye akaona ni kama kushuka cheo, kushuka wapi, alikuwa amepanda wapi... na sasa njaa tu ndiyo imebaki, na njaa anaiweza, na mkono umeshatoka kwenye kipanya wenyewe.

"Mama Ndeti," anasema, "wacha tuanze tena. Jiko unawasha saa ngapi?" na mama anageuka kutazama foleni, anainama, "Saa kumi," "Ya asubuhi?" "Ya asubuhi, naanza na uji, halafu githeri, halafu Jumatano ni ndengu..." na sauti inapanda kidogo, na mwanamume mmoja nyuma yake, aliyekuwa akilalamikia foleni, anasogea karibu, "Kumbe ni wewe unapikia hao watoto? Wangu nyumbani hakuli, anasema ya shule ni tamu," na watu wanacheka, na Mama Ndeti naye, safari hii anacheka vingine, ameketi wima, "Mwambie asinimalizie chakula!" na Ambrose anakuja kwa hatua kubwa, "Nekoye, nimesema nini?" na Nekoye anashangaa kwamba haogopi, anageuza kiti ili yeye na mama wamtazame bosi, "Bosi, huyu ana kazi. Tutachukua muda kidogo," na hapo hapo Mama Ndeti anamvuta Nekoye mkono, "Ngoja kwanza, hata sijakwambia ya chapati."