Sawa ya Shaibu

Mimi nauza simu Mtaa wa Agrey, Kariakoo, mwaka wa tisa sasa, na nitasema jambo ambalo wauzaji wenzangu hawapendi lisemwe. Simu kubwa tunaisifu kwa sababu ni rahisi kusifika. Mteja anaiona kutoka ng'ambo ya barabara. Ukimwambia kioo chake ni inchi sita nukta tisa, hajui inchi ni kitu gani lakini anatikisa kichwa kwa heshima. Hakuna anayemuuliza mkono wake una ukubwa gani. Mimi sikuwahi kumuuliza mtu, na wa kwanza ambaye ningepaswa kumuuliza alikuwa Shaibu.

Shaibu alikuwa mchumba wangu, ingawa wazee wake walikuwa hawajaja kwetu. Alikuwa utingo wa lori la mizigo linalotoka Kariakoo kwenda Masasi, mtu wa huko huko kusini, mrefu, mpole, mwenye viganja vidogo kuliko kimo chake. Alikuwa na kisimu kidogo cha kupangusa, kimepasuka kona, kinachoenea kiganjani. Amejishikilia mlangoni mwa lori kwa mkono mmoja, wa pili unaniandikia: "Zamzam tumefika Somanga nakula samaki." "Zamzam tumetoka Nangurukuru, Ignasi anaimba vibaya." Ignasi ndiye dereva wake. Meseji zote hizo kwa kidole gumba kimoja, nami nazisoma dukani nacheka peke yangu.

Lakini nilikuwa naona haya, acha niseme ukweli. Mchumba wa muuza simu anatembea na kitu kama kile! Leticia, ninayeshirikiana naye fremu ya duka, kila akimwona anaingia alikuwa ananiuliza kama shemeji amekuja kununua au kuomba msaada. Ulikuwa utani, lakini ulikuwa unaniingia. Basi siku ya Idi nikamchagulia simu kubwa kuliko zote kabatini, nikaitia kava na protekta, nikamhamishia namba zake zote, na ile ndogo nikaichomoa mkononi mwake.

Aliigeuzageuza. "Zamzam, hii inataka mikono miwili. Mimi mmoja ni wa kujishikilia."

"Utaizoea."

"Kidole hakifiki kule."

"Shaibu, watu wanaililia simu hii! Wewe unapewa zawadi unalalamikia kidole?"

Nilisema kwa sauti, wateja wakacheka, naye akacheka nao. Akaitia kwenye mfuko wa shati, ikatokeza nusu. Ile ndogo nilimpa fundi wa jirani siku hiyo hiyo aichambue vipuri.

Mwezi wa pili baada ya Idi lori lao likapinduka njiani. Ignasi alitoka na michubuko. Shaibu akalazwa hospitali moja huko kusini, na nilipopiga simu yake ikapokelewa na mama yake, Bi Mwanamkuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usitie shaka, hajambo. Taya limevunjika, wamelifunga waya, hawezi kusema. Na mkono umeumia kidogo."

Mkono umeumia kidogo. Watu wetu hawampi mtu habari nzito kwenye simu. Unaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, upande basi kwa amani, ukifika uone kwa macho yako. Nimekulia humo. Siku baba yangu amefariki mimi niliambiwa ana homa. Ningepaswa kujua, lakini niliposikia "kidogo" nikaamini ni kidogo, kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe.

"Mwandikie meseji," akasema Bi Mwanamkuu. "Atasoma mwenyewe. Mimi macho yangu hayaoni herufi."

Nikaandika waraka. Nikamweleza nilivyolia, nikamuuliza anakula nini, anaumwa wapi. Tiki mbili zikawa za bluu. Juu pakatokea "anaandika", pakapotea, pakatokea tena, robo saa nzima. Kisha jibu likaingia. "Sawa."

Sawa ya namna hiyo kila mtu anaijua. Sawa yenye maneno mengine pembeni ni kukubali. Sawa ya peke yake, bila jina la mtu, bila hata nukta ya mapenzi, ni mtu amechoka na wewe. Nikajiambia ni maumivu. Kesho yake nikaandika tena, akajibu sawa. Keshokutwa, sawa. Nikamuuliza, "Nije au nisije?" Sawa. Hasira zangu haziishi mbali, nikamrudishia: "Sawa nini? Nije au nisije?" Akaandika dakika kumi kwa saa yangu, kisha ikaja: "Sawa sawa."

Leticia aliichukua simu yangu akapitia zote, midomo kaibetua. "Shoga, mwanaume anayekutaka hakosi maneno. Huyu kavunjika taya, hajavunjika vidole."

Nilikuwa nimeshapanga nguo kwenye begi. Nikazitoa, nikazirudisha kabatini.

Wiki ya tatu ikaja meseji iliyonimaliza. Neno moja tu, "Zaza."

Nilisimama nayo katikati ya duka. "Zaza ndiye nani?" nikaandika. Akaandika, akaacha, akaandika, kisha likaja lile lile: "Zaza." Nikamwonyesha Leticia. Akanirudishia bila utani, na Leticia akikosa utani ujue jambo limekuwa kubwa. Zaza ni jina la kumbembeleza msichana. Nikamwona kabisa huyo Zaza, mtoto wa jirani wa wodini, anamnywesha uji kwa mrija, akiondoka wanachati, na Shaibu kwa ugonjwa wake amekosea namba. Siku tatu sikula. Nilimpenda yule mtu, na wivu ulinifanya nijione mjinga kwa kila siku niliyompenda.

Na wakati huo huo baba mdogo alikuwa na posa yangu. Khalfani, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, mtu mstaarabu aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameniposa tangu mwaka uliopita, na baba mdogo alikuwa akimzungusha kwa ajili yangu. Sasa akaniambia amechoka kumzungusha mtu mzima, na kwamba Ijumaa atatoa jibu moja au jingine. Nikamwandikia Shaibu mara ya mwisho. "Baba mdogo ana posa yangu. Niwaambie wasubiri, au basi? Nijibu leo."

Anaandika. Anaandika. Wateja wanne waliingia wakatoka mimi sijaondoa macho kwenye kile kioo. "Sawa."

Nikaifungia namba yake isinifikie tena. Ijumaa ile posa ikapokelewa, na baada ya wiki tatu nikaolewa.

Ndoa yangu ilikuwa imeingia wiki ya tano. Saa sita mchana, Leticia amekwenda kuchukua mzigo, naona mtu amesimama mbele ya kabati la kioo, nainua macho, ni Shaibu. Amekonda, na taya limepinda kidogo upande mmoja. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya kiwiko. Ndani yake hamkuwa na kitu.

"Mambo, Zamzam."

Nilikuwa naitazama ile pini.

"Ignasi aliniambia umeolewa," akasema. "Hongera. Sijaja kwa hilo. Nataka kubadilisha simu, unipe ndogo."

Hasira zikaniwahi kabla ya machozi, kama kawaida yangu. "Kabadilishe kwa Zaza."

"Zaza nani?"

"Zaza wako! Uliyekuwa unamwandikia ukanitumia mimi."

Akaitoa ile simu kubwa mfukoni, kwa mkono wa kushoto, huo mmoja aliobaki nao, akafungua mahali pa kuandikia.

"Tazama," akasema. "Nililazwa chali. Mkono huu nao ulikuwa na dripu, wameubandika plasta mpaka hapa, haukunjiki. Simu iliniangukia kwenye taya mara mbili, Zamzam, nikaona nyota mchana. Tangu hapo nikawa naibana hivi, kwa ukingo, isianguke." Akaibana. Kidole gumba kikatembea juu ya kioo, kikafika katikati, kikakwama. "Mwisho wangu ni hapa. Haya, andika jina lako."

Niliitazama kibodi ninayoitazama kila siku ya Mungu. Z ipo kushoto. A ipo kushoto. M ipo ng'ambo ya katikati, na kidole chake kilikuwa kinajinyoosha kuielekea, hakifiki. Z, A, Z, A.

Nilishika kabati kwa mikono miwili.

"Nikikosea, pa kufutia pako kulia," akaendelea. "Pa kutumia pako kulia. Mama herufi hazioni, lakini ule mshale wa kijani anauona, ndiye alikuwa ananibonyezea."

"Si ungemwambia nesi akuandikie!"

"Nesi mmoja ana wagonjwa arobaini. Nimwambie kwa meno yaliyofungwa waya, andika nakupenda?" Alijaribu kucheka, taya likamkatalia. "Nikatafuta neno lenye maana ambalo lote liko upande wangu. Nikapata hilo moja. Uliponiuliza uje, nikasema sawa. Mama akaazima mkeka wa pili, akautandika uvunguni mwa kitanda changu uwe wako. Kila basi likiingia anakwenda mlangoni."

"Na posa?" nikasema. "Nilikuuliza juu ya posa."

"Uliniuliza uwaambie wasubiri. Nikasema sawa."

"Niliuliza pia, 'au basi'."

"Hiyo ya pili sikudhani ni swali la kweli."

Nikalia. Sina aibu kusema, nililia mbele ya Mtaa wa Agrey wote, wapita njia wakigeuka, na machozi yale sikujua ni ya mkono wake au ya mkeka au ya zile sawa zote nilizozitukana. Nilimpa mtu simu isiyomtosha, akaniambia haimtoshi, nikamfanya achekwe mbele za watu. Na alipokwama ndani yake nikasema hanipendi.

Mikono yangu ikachukua simu yake kabla akili haijasema kitu. Kazi ni kazi, hata ukilia mikono inajua njia. Niliingia kwenye mpangilio wa kibodi, nikabonyeza mahali pawili. Kibodi nzima ikajikunja, ikavutika kushoto, M na P na L na N zote zikasogea mpaka chini ya kidole chake. Nawafanyia hivi wateja wengi: mama anayenyonyesha, mwenye mtoto begani, kondakta. Inachukua muda mfupi kuliko kubandika protekta. Nikamrudishia.

Akajaribu. Z. A. M. Kidole kilifika bila kujinyoosha. Akaliandika jina langu lote, akalitazama.

"Kumbe kitu hiki kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Tangu siku ile ya Idi?"

"Tangu siku ile."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kushika. Aliandika tena, polepole, akabonyeza mshale mwenyewe, akanigeuzia kioo nisome, maana kwangu isingefika, nilikuwa nimeifungia namba yake. "Zamzam waambie wasubiri nakuja." Chini yake tiki moja ya kijivu.

"Nilitaka tu uione ilivyotakiwa kuwa," akasema. Kisha akasema hana haja tena ya simu ndogo, akaitia ile kubwa kwenye mfuko wa shati, akaniaga kwa kunitakia heri na nyumba yangu. Nilimfuata kwa macho mpaka mikokoteni ya Mtaa wa Msimbazi ilipomficha.

Khalfani alikuja muda si mrefu na chakula, kama anavyofanya kila siku tangu tuoane, wali na maharage na kipande cha samaki, kwa sababu anasema nikiachwa peke yangu sili. Ni mtu mwema. Sina neno baya la kusema juu yake, na hilo nalo lina uchungu wake. Aliyaona macho yangu, akaweka bakuli chini.

"Kuna nini? Nani alikuwa hapa?"

"Mteja," nikasema. "Kibodi ilikuwa inamsumbua."

"Umeweza kumtengenezea?"

"Nimeweza."

"Alhamdulillahi," akasema mume wangu, akanifungulia bakuli.