Alama ya TOA kwenye Orodha ya Birongo

Ekta alikuwa mtu wa kuhakikisha. Hata mlango wa duka la baba yake, Haresh, aliyeuza misumari na mabati mjini Kisii, aliufunga kisha akaurudia na kuusukuma kwa bega. Kwa hiyo ukitaka kujua ilikuwaje mtu wa namna hiyo akawafuta wagonjwa thelathini na wanane kwa dakika nne, na kompyuta ikamjibu kwamba mambo ni sawa, tulia ueleweshwe, maana haukuwa ujinga. Wajinga hawajisumbui kiasi hicho.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye kompyuta mbili, printa moja yenye kelele na modemu iliyoungwa kwenye waya wa simu. Hapo Ekta aliwachapia watu barua za kazi na kadi za harusi. Ndipo Sista Orpah Nyasani, muuguzi wa zahanati ya kanisa huko Birongo, alipokuja na ombi. Alikuwa na wagonjwa wa sukari wanaoishi kwa sindano ya insulini, na dawa yao ilitoka kwa shirika moja la Nairobi. Kwa miaka tisa alituma orodha yao kwa posta, kwa mwandiko wake mwenyewe. Sasa shirika lilikuwa limenunua mtambo mpya na halikutaka tena karatasi. Lilitaka orodha ije kwa simu, kutoka kompyuta hadi kompyuta. Ekta alisema atafanya, na hataki chochote.

Mpango wa dawa ulikuwa rahisi. Chupa zilipakiwa Nairobi Alhamisi ya tatu ya mwezi, saa sita mchana. Zilifika Birongo Jumamosi. Aliyekuwa kwenye orodha alipata, ambaye hakuwamo hakupata, na mtu wa sindano akikosa chupa hamalizi hata wiki mbili. Orpah alimwambia hivyo bila kupepesa macho, na Ekta akalichukulia kwa uzito wake.

Shirika lilimtumia disketi yenye programu ndogo ya kukaa katikati, waliyoiita kiungo. Kazi yake ilikuwa kusoma orodha ya huku na kuipeleka kule kama amri. Katika kompyuta ya Nairobi kila mgonjwa alikuwa na anwani yake yenye namba, na ukiiita anwani hiyo unaweza kuongeza, kubadilisha au kufuta. Lakini kiungo chenyewe hakikujua lolote. Kilitaka kielekezwe kama mgeni aliyeshuka stendi ya basi kwa mara ya kwanza.

Ekta alikaa nacho siku mbili. Kuongeza na kubadilisha hakukumpa shida. Kwenye kufuta alipunguza mwendo, maana kilichofutwa hakirudi. Mistari ilikuwa minne: alama ya kutafuta kwenye orodha, amri ya kutuma, anwani ya kuipeleka, na jibu la kutarajia. Amri alijaza DELETE, kama kitabu cha maelekezo kilivyosema. Anwani aliijaza mara ya kwanza ikaishia kwenye neno wagonjwa, bila namba mbele yake, na kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe aliposita. Bila namba, amri ile ingebeba orodha nzima, wa Birongo na wa kwingine kote. Akaongeza nafasi ya namba, akaihakikisha mara tatu.

Kisha akatengeneza mgonjwa wa uongo, akamwita Jaribio, akamwongeza, akamfuta. Nairobi ikajibu 204, maana yake nimefanya na sina la kuongeza. Akamfuta tena kwa makusudi. Ikajibu 404, huyo hayupo. Ekta akajipongeza kwa kikombe cha chai ya tangawizi.

Ulibaki mstari wa alama. Kitabu cha Kiingereza kilisema liwekwe neno lolote ambalo watu wa zahanati wanalielewa, lenye maana ya kuondoa. Ekta alizungumza Kigujarati nyumbani na Kiswahili dukani. Toa gari lako mlangoni. Toa hayo maboksi. Akaandika TOA, na hakulihakikisha, maana neno alilolitumia tangu utotoni ni la kuhakikisha nini?

Jumanne orodha ya Sista Orpah ikafika kwa mkono wa mtu. Majina thelathini na tisa. Mbele ya majina thelathini na manane, kwa herufi kubwa nzuri za shule ya misheni, kulikuwa na neno TOA. Mbele ya jina moja, Bosire Nyasani, hakukuwa na kitu.

Ekta alishtuka kidogo. Mjini kulikuwa na maneno kwamba wagonjwa wa zahanati ndogo watahamishiwa hospitali kubwa, kwa hiyo akadhani ndilo hilo. Hata hivyo, yeye ni Ekta. Akapiga simu kwenye duka la Ombati pale Birongo, maana zahanati haikuwa na simu, akasubiri mpaka Orpah akaitwa. Laini ilikuwa inakwaruza.

"Sista, hawa thelathini na wanane wenye TOA, nitoe wote?"

"Toa wote, dada. Hata mmoja asibaki."

"Una hakika? Ni watu wengi."

"Ni wengi kweli, na wananihangaisha tangu wiki jana. Ukitoa leo utakuwa umenisaidia sana."

"Na huyu asiye na alama, huyu Bosire?"

Sauti ya Orpah ikashuka. "Huyo usimguse," akasema. "Mwache hapo alipo."

Basi mtu ahakikishe mara ngapi? Ekta akaichapa orodha kama ilivyo, akaanzisha kiungo. Modemu ikalia, ikashika, na majibu yakaanza kushuka kwenye kioo: 204, 204, 204, thelathini na nane bila doa. Akafunga chumba, akausukuma mlango kwa bega, akaenda kula.

Alhamisi asubuhi, saa mbili na nusu, simu ya duka ikalia. Alikuwa Okemwa, msimamizi wa ghala la dawa kule Nairobi, mtu wa Kenyenya, upande huo huo wa Kisii, kwa kuzaliwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwenda matangani.

"Dada, poleni sana huko. Ni ugonjwa gani umeingia Birongo?"

"Ugonjwa gani tena?"

"Nimefungua orodha nipakie. Birongo imebaki na mgonjwa mmoja."

Ekta alimwambia ndiyo, wamehamishwa, Sista ameagiza. Okemwa akasema kama wangehamishwa wangetokea kwenye orodha ya mahali pengine, na hawapo popote, ametafuta. Ekta akaweka simu chini. Alichukua funguo za pikapu, na Haresh, aliyekuwa akipima misumari, alipomwona uso akampisha mlangoni.

Birongo alikuta foleni fupi nje ya zahanati. Kwenye benchi alikaa Nyaboke, mchuma chai, na bintiye Phanice wa darasa la tano. Orpah alikuwa akiikagua chupa ya Phanice kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii itakufikisha Jumapili," alikuwa akimwambia mtoto. "Nyingine zinakuja Jumamosi, usiogope."

Ekta akamvuta Orpah ndani, akafunga mlango.

"Sista, wagonjwa wako wamehamia wapi?"

"Wahamie wapi? Si hao nje."

"Uliniambia nitoe wote."

"Ndiyo. Utoe dawa. Nimeandika TOA kwa kila mmoja, miaka tisa naandika hivyo, toa dawa, toa dawa. Kwani wewe umetoa nini?"

"Watu," Ekta akasema. "Nimetoa watu."

Orpah akakaa juu ya sanduku la bandeji. Hakumtukana, na ingekuwa nafuu kama angemtukana. Alisema tu jina la Phanice, akasema la mzee Machogu, akaendelea kutaja majina polepole kama anayeita rejista.

Walikimbia mpaka kwa Ombati. Okemwa alipokea mara moja, akasikiliza yote, akatoa pumzi. Akaeleza kwamba nakala ya mwezi uliopita ipo, ila ni ya zahanati zote za nchi. Akiirudisha atakuwa amefuta kazi ya wiki tatu ya watu wengine. Kuwaandikisha upya kunawezekana, lakini mgonjwa mpya, hata akiongezwa kwa kiungo, hapakiwi chupa mpaka daktari wa shirika amtilie sahihi, na daktari yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi.

"Kwa hiyo leo unaweza kumpakia nani?" Ekta akauliza.

"Aliyemo. Aliyemo hata mnaweza kumbadilishia idadi kutoka huko kwenye kompyuta yenu, mtambo unakubali. Asiyekuwemo, mikono yangu imefungwa. Na saa sita napakia."

Ekta akashusha simu, akamgeukia Orpah. "Yumo mmoja tu. Bosire. Huyu Bosire anatumia chupa ngapi?"

"Hatumii."

"Vipi hatumii?"

"Ni kaka yangu," Orpah akasema. "Tulimzika mwezi wa tatu. Sijamwagizia chupa hata moja tangu wakati huo, uliza Nairobi. Ni jina tu. Kila mwezi nafika kwake, kalamu inakataa. Sikuwa na neno la kuandika pale."

Ombati, mwenye duka, alijifanya anapanga sabuni. Ekta alifikiri haraka, na alichofikiri aliona haya kukisema, lakini saa ilikuwa tatu na dakika hamsini.

"Sista, nikimbadilishia Bosire idadi. Kutoka sifuri hadi sabini na sita. Chupa mbili mbili kwa wote thelathini na wanane."

"Unataka marehemu aagize dawa?"

"Ndiye peke yake aliyebaki."

Orpah akaichukua simu mwenyewe, akampigia Okemwa, akamsemesha kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani, kwa kirefu, bila kupandisha sauti. Ekta aliishi Kisii miaka yote ishirini na sita na alielewa nusu. Alielewa kwamba Orpah hakuficha kitu: alisema huyu amekufa, walio hai ni hawa, na kosa limetokea hivi. Alipomaliza alimpa Ekta mkonga wa simu.

"Andikeni barua ya maelezo, wote wawili, nitaiweka kwenye faili," Okemwa akasema. "Mkubwa wangu akinifokea, nitafokewa. Lakini mtambo usipoonyesha idadi saa sita, siwezi kuchota dawa kwa mdomo."

Barabara ilikuwa imelowa mvua ya jana, na pikapu ya Haresh ilizoea mabati, si mbio. Orpah alikaa kando ya Ekta, mkoba mapajani, mpaka mjini. Saa tano na dakika ishirini waliingia chumba cha nyuma. Modemu ikalia, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Mara ya tatu ikashika. Ekta akaandika alama ya BADILI mbele ya Bosire, na idadi, sabini na sita. Nafasi ya idadi ilikuwa ya tarakimu mbili, na Ekta akashukuru kwamba Birongo haina wagonjwa sitini. Kabla ya kutuma alimgeuzia Orpah kioo.

"Isome wewe. Safari hii mimi sijiamini."

Orpah akasoma kwa sauti kila kitu, herufi kwa herufi, pamoja na jina la kaka yake. Akatikisa kichwa kukubali. Ekta akabonyeza, na ikaja 204. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na moja.

Jumamosi Ekta aliliendea mwenyewe boksi stendi, likiwa limefungwa na barafu ndani, akalipeleka Birongo. Foleni ilikuwa ndefu hadi kwenye migomba. Orpah alilikata boksi kwa makasi, kisha mikono ikasimama. Mtambo wa Nairobi ulibandika kila chupa karatasi ya jina, kama kawaida yake. Chupa sabini na sita, zote zimeandikwa Bosire Nyasani.

Hawakuwa wamelifikiria hilo. Ekta alisema anaweza kuzibandua, haichukui muda. Orpah akasema hapana, watu wamesubiri vya kutosha. Akaita wa kwanza, wa pili, na kila aliyepokea aliisoma karatasi, akamtazama Sista, akaondoka bila kusema, maana kijiji kizima kilikuwa mazishini mwezi wa tatu.

Phanice tu ndiye aliyerudi kutoka mlangoni. Watoto wa darasa la tano wanajua kusoma na hawajajua kunyamaza.

"Sista, hizi si zangu. Ni za Bosire."

"Ni zako," Orpah akasema. "Amekupa."

Mtoto akatosheka, akamfuata mama yake. Orpah aliendelea mpaka chupa ya mwisho, na boksi lilipobaki na maji ya barafu tu alivuta daftari lake la orodha, akafikia mstari wa kaka yake. Safari hii kalamu haikukataa. Aliandika Amekufa, na tarehe, na machozi yakamwagika juu ya meza, mengi, ya miezi yote ile, na Ekta akamshikilia bega.

"Daktari akiwasainia hawa wengine," Orpah akasema alipoweza, "mfute, dada."