Uji Niliompikia Mtaalamu

Mwenzangu mwenye mtoto mdogo, soma haya kabla hujabandika uji.

Zakia wangu alikuwa na miaka mitatu. Tumbo linamsokota, choo hapati, maneno aliyokwisha kuyajua anayasahau. Wataalamu wa kupima vyakula walipofika zahanati yetu huku Lukozi, binti mmoja, Dorkasi, akaniambia, "Mama Zakia, kesho niletee uji anaokunywa. Uleule, usiubadilishe."

Nikamwuliza mtaonaje kilichomo. Akanieleza taratibu: uji huyeyushwa kwa asidi mpaka uwe kama maji, hupulizwa kwenye moto wa mashine, halafu taa hupitisha mwanga katikati ya ule moto. Kila aina ya madini hunywa mwanga wake yenyewe. Wakiwasha taa ya risasi, yale madini mazito ya kwenye betri za magari, na mwanga ukafika upande wa pili umepungua, basi risasi imo. Ukifika mzima, haimo.

Nilielewa vizuri. Ndiyo maana inaniuma.

Nyumbani mama mkwe, Mwanahamisi, akacheka. "Umpelekee mgeni uji wa ndimu uliolala, tena wa kwenye hilo lisufuria? Waseme nyumba hii haina maziwa?"

Nikaona haya. Nikaazima sufuria ya kung'aa kwa jirani, nikapika uji mpya wa maziwa, nikautia kwenye chupa safi.

Dorkasi akauliza, "Ndio wenyewe?"

Nikamjibu, "Ndio wenyewe."

Majibu yakaja: mwanga umefika mzima. Tukamshukuru Mungu. Zakia akaendelea na uji wake wa ndimu, unaolala kwenye sufuria yetu nene, ya zile anazotengeneza fundi kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya kila namna. Miezi minane, asubuhi na jioni.

Akaanguka degedege. Hospitali wakachukua damu ikapimwe: risasi tele. Dorkasi akarudi, safari hii mpaka jikoni kwangu, akachota uji kwa mkono wake. Siku ya majibu hakukaa hata kwenye kiti.

"Mwanga umemezwa, mama. Ndimu inaitoa risasi kwenye sufuria, usiku kucha. Mbona ulinidanganya?"

"Sikukudanganya, mwanangu. Nilikuheshimu."

"Mashine haijui heshima. Inakupa habari za kile ulichoiwekea, basi."

Sufuria tumeitupa. Daktari alisema risasi iliyoingia kichwani haitoki yote.

Mama mkwe ananikataza kuandika, eti naiaibisha familia. Aibu! Si ndiyo iliyonipikisha ule uji wa maziwa? Ukiambiwa lete anachokula mtoto, peleka hichohicho, hata kama kimechacha, hata kama kina nzi. Wakucheke.

Mwaka huu wenzake Zakia wameanza darasa la kwanza. Yeye nikimwuliza, "Mimi ni nani?" ananitazama mdomo, anasubiri nimtajie.