Makucha ya Partenope

Shuka lililofunika sanamu lilipovutwa, mtaa wa Sanità mjini Napoli ulinyamaza, na Sanità hainyamazi hata mazikoni. Ersilia Capuozzo, mchongaji, alishika kiuno akingoja makofi.

Juu ya nguzo fupi alisimama Partenope wa shaba, yule mwimbaji wa baharini aliyejitosa majini baharia alipoupuuza wimbo wake, na pale mwili wake ulipotupwa na mawimbi ndipo Napoli ilipochipuka. Uso wa mwanamke, kifua cha mwanamke. Kushuka hapo, manyoya, mabawa, na makucha yaliyoing'ang'ania nguzo.

"Mkia uko wapi?" akauliza Don Sabatino, muuza samaki, mkuu wa kamati ya sanamu.

"Hana mkia. Watu wa kale walimjua kama ndege. Mkia alibandikwa baadaye."

"Ersì!" Donna Titina, mkaanga pizza, alimwita kutoka roshani yake. "Nimeng'oa bomba langu la shaba la jikoni uliyeyushe, nikijua unatutengenezea nguva. Kumbe umetufugia kuku!"

Hapo watu wakaangua kicheko. Mmoja akawika. Don Sabatino hakucheka. Aliuliza nani anataka mkia, mikono ikanyooka kutoka kila dirisha. Ikaamuliwa Jumatatu sanamu irudi karakanani, ikatwe chini ya kitovu.

"Mkikata, kateni na jina langu," Ersilia akasema, akaenda zake kichwa juu. Makucha yale ndiyo kazi aliyojivunia kuliko zote maishani. Alikuwa ameyavunja kwenye kielelezo cha nta mara nyingi, mpaka siku moja akamwona Titina akivuta kamba ya kikapu cha mboga pale roshani, vidole vimekaza kana kwamba anavuta jengo zima. Hakumwambia mtu.

Jumapili habari ilikuwa imeshapanda kilima. Watu wa Vomero, mtaa wa matajiri huko juu, waliteremka baada ya misa, wananukia marashi, wamevaa miwani ya jua. Ersilia alikuwa akinywa kahawa mlangoni mwa mkahawa, mbele ya nguzo.

"Mnatagisha lini?" bwana mmoja akauliza, akiigonga sanamu kwa funguo za gari. "Wekeni mayai mawili pembeni."

Kikaango cha Titina kikanyamaza. Mama huyo alishuka na aproni yake, unga mpaka kwenye viwiko.

"Toa funguo zako hapo."

"Mama, si mwenyewe umemwita kuku?"

"Nimemwita mimi! Wewe ulitoa bomba gani? Huyu mtoto wa watu alikufa kwa kudharauliwa na mpita njia kama wewe. Unadhani angefika ufukweni na mkia? Alikuja na kucha, akaushika mji huu, hajauachia mpaka leo! Sabatì, mwambie!"

Don Sabatino, aliyekuwa akitafuta pa kutazama, akakohoa. "Ni ndege," akasema. "Kila mtu anajua ni ndege."

Ili kila mmoja aelewe, Titina akalishika kucha la mbele. Vidole vyake vilikaa juu ya vile vya shaba, fundo kwa fundo. Akatazama mkono wake, akamtazama Ersilia. Ersilia akanywa kahawa yake.

Jumatatu gari la karakana lilifika na minyororo. Watu walikuwa wamepanga foleni pale nguzoni wakilisugua kucha kutafuta bahati, na kucha lilishaanza kung'aa.

"Tumekuja kumchukua kuku," dereva akasema.

"Kuku gani?" mtaa mzima ukamjibu.