Jina Alilolikataa Ngendo

Jumamosi hiyo Ngendo aliamka akiwa ameshakata shauri, na Ngendo akikata shauri hata mvua haimrudishi nyumbani. Alibandika njahi jikoni kwake Kiganjo, yale maharagwe meusi aliyoyaloweka tangu jana, akafunga leso kiunoni kama mwanamke yeyote anayekwenda kumwona mzazi aliyejifungua. Kisha akaichukua ile wigi yake nyeusi, akaitia kwenye mfuko wa karatasi na kuusukumia mvunguni mwa kitanda. Nywele zake mwenyewe zilikuwa fupi, nyeupe kote, na Thika nzima hakuna aliyewahi kuziona.

Maana huyu hakuwa mtu wa kupita tu barabarani. Ndiye mama kijana wa kile kipindi cha vichekesho cha runinga, na ndiye sura ya Umande, mafuta ya kopo la dhahabu yanayosifiwa kufuta makunyanzi. Picha yake ilining'inia katika maduka ya vipodozi kuanzia Thika hadi Ruiru, ikitabasamu, na chini yake maneno: Nina arubaini na mbili, na wewe je? Alikuwa na hamsini na nane. Na makunyanzi hayakufutwa na Umande. Yalifutwa na daktari wa Nairobi aliyeivuta ngozi nyuma ya masikio akaishona, na ambaye tangu hapo alimdunga sindano za paji la uso kila zilipoisha nguvu. Umande wenyewe Ngendo alijipaka visigino.

Simu ikalia. Alikuwa Cindy, msichana wa kampuni ya mafuta.

"Sasa mum? Gari itakuchukua saa nne. Tunashuti pale Chania, maporomoko ikiwa nyuma yako. Na usisahau Jumatatu ni daktari. Hiyo shingo imeanza kuonekana kwa kamera."

"Leo siji, Cindy. Na Jumatatu pia siendi."

"Kwani uko mgonjwa?"

"Niko na mjukuu."

Cindy alishusha sauti. "Si tulikubaliana hiyo story isitoke?"

"Tulikubaliana. Leo inatoka," Ngendo akasema, akakata simu na kwenda kuonja njahi chumvi.

Makubaliano yenyewe yanatia uchungu kuyasimulia. Ngendo alizaa mtoto mmoja tu, Mburu, fundi wa friji anayeishi Mwiki. Mburu alimwoa Mourine, binti wa Wajaluo aliyezaliwa kwenye shamba la kahawa pale Ruiru. Mourine alipopimwa na kuambiwa amebeba msichana, aliyeingiwa na hofu ni Cindy. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na hilo halina mjadala. Mtoto akiitwa Ngendo, kila mtu atajua kuna cucu Ngendo, yaani nyanya yake, mahali, na watu wakimtafuta watamkuta ukutani dukani akijidai ana arubaini na mbili. Cindy aliuliza ni nani atanunua ujana kwa cucu. Basi Ngendo akampigia mwanawe, akamwambia aliruke jina lake na kumpa mtoto la bibi wa upande wa pili, Aoko.

Jambo hilo halifanywi. Mwanamke anayerukwa ni kana kwamba hakuzaa. Mburu hakubishana, alisema tu "sawa", na kuanzia siku ile akawa anampigia mamake simu kumwuliza kama stima iko, si zaidi.

Mtoto alipozaliwa, Ngendo alikwenda hospitali kwa kujificha, kofia hadi kwenye nyusi na barakoa usoni. Akasimama nje ya mlango, akamsikia Mburu akibembeleza: "Nyamaza, Aoko." Tangu babake alipofariki, wakabaki wawili, Mburu alikuwa akiahidi kwamba akipata msichana atamwita mami, jinsi baba wa Kikikuyu anavyomwita binti aliyebeba jina la mamake, ili awe na mama wawili. Sasa alikuwa akimwita jina la wenyewe. Ngendo hakuingia. Alirudi Kiganjo akalia mbele ya kioo, na uso ule kwenye kioo haukuonyesha kitu. Hapo ndipo alipokata shauri. Akina mama wangekwenda Mwiki Jumamosi na zawadi zao, wamwombee mtoto kwa jina lake, na jina likishaombewa ndio basi. Alitaka kulichukua tena kabla ya maombi.

Jumamosi hiyo, kule Mwiki, alipanda ghorofa tatu na sufuria yake ya njahi mikononi. Sebule ilijaa wanawake, unga wa uji, mikungu ya ndizi na mablanketi. Wengine walimtazama mara mbili, wasimjue. Mburu alimjua. Akamzuia mlangoni, taratibu, kwa kuipokea sufuria.

"Mami. Sikujua unakuja."

"Nimekuja kuchukua jina langu."

"Ulilikataa."

"Nililikataa kwa ujinga. Nalitaka."

"Na Cindy akipiga simu?"

"Ashapiga. Nimemwambia siji."

Mburu alitikisa kichwa. "Hiyo umeniambia mimi, tena hapa kwa mlango. Mama Mourine ako ndani, ameshona hadi nguo ya leo. Ingia umwambie yeye."

Kijana alikuwa na haki, na Ngendo aliona aibu kwamba alikuwa na haki. Akaingia.

Aoko, mama yake Mourine, aliketi chini ya dirisha na mtoto mapajani. Alikuwa amechuma kahawa ya watu tangu usichana, na jua la miaka hiyo yote lilikuwa limeandika usoni pake bila kuomba ruhusa. Walikuwa wa umri mmoja. Alipomwona Ngendo alimpa Mourine mtoto, akainuka, akamsalimu kwa mikono miwili.

"Mama Mburu, karibu. Nimekungoja sana." Akafungua mkoba wake, akatoa kopo la dhahabu. "Kabla maombi ianze, nisaidie. Hii mafuta yako natumia tangu mwaka jana. Niangalie. Labda napaka vibaya. Wewe hupaka aje?"

Hakuwa akimkejeli. Laiti angekuwa anamkejeli, ingekuwa nafuu.

Ngendo alikuja na maneno ya jina, akiyarudia njia nzima kutoka Thika. Ya mafuta hakuwa nayo. Kampuni ingeweza kumvumilia cucu, hata kumwita muujiza na kuuza zaidi. Hili lingine, la kukiri kwamba mafuta hayafanyi kazi, ndilo lingemmaliza. Angeweza kusema "endelea tu, mama, huchukua muda," na Aoko angemwamini na kuendelea. Alimwona Mburu amesimama na sufuria, akingoja.

Akaushika mkono wa Aoko, akakiweka kidole cha mwenzake nyuma ya sikio lake mwenyewe.

"Sikia hapo."

"Ni nini hii?"

"Mshono. Huku pia kuna mwingine. Daktari alikata, akavuta. Hapa kwa paji ni sindano. Hiyo mafuta haijanifanyia kitu, mama. Mimi hupaka kwa visigino."

"Visigino?"

"Na bado zimepasuka."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajuta. Ngendo aligeuka ili wote wamsikie, nywele zake nyeupe kichwani, sauti yake ile ile ya runinga.

"Niko na miaka hamsini na nane. Kampuni ikisikia haya, kazi imeisha, wacha iishe. Nilimwambia kijana yangu aniruke ndio niendelee kuwauzia uongo. Mama Mourine, sina haki ya kukunyang'anya hilo jina. Nakuomba."

Aoko aliligeuza kopo mkononi, akalitua dirishani.

"Mwaka mzima nimejichukia kwa kioo," alisema polepole. "Nilidhani ni ngozi yangu iko na makosa."

"Haina makosa."

"Hiyo sikusamehe leo."

"Usinisamehe leo."

Aoko aliinyoosha nguo yake mpya magotini, akafikiri.

"Lakini mtoto si wa kugombania. Na nitakwambia kitu. Huko kwetu mtoto hupewa jina la mtu ashaenda kaburini. Tangu waniambie huyu ataitwa Aoko, sijalala vizuri. Nimeona ni kama wananiharakisha." Akamchukua mtoto kwa Mourine, akamweka mikononi mwa Ngendo. "Shika mwenyewe. Mimi bado niko."

Hapo hata Mourine alicheka, na machozi yakimtoka. Ciku, wifi yake Ngendo, ambaye ndiye aliyekuwa aombe, aliuliza mara moja tu, "Basi tuombee Ngendo?" Mburu akasema ndio. Simu ikatetemeka ndani ya leso ya Ngendo, akaizima bila kuiangalia.

Walipomaliza kuomba mtoto akaamka. Kabla ya kulia aliwakodolea wote macho na kulikunja paji lake dogo, mistari mitatu ikajitokeza katikati ya nyusi. Mburu aliinama juu yake.

"Mami," alimwambia mtoto. Kisha akamtazama mamake. "Umeona? Hivyo ndivyo ulikuwa unaniangalia nikichelewa kutoka shule. Nilikuwa nimesahau."

Ngendo alitaka kumjibu mjukuu kwa mkunjo ule ule. Alijaribu kwa nguvu zake zote. Paji lake lilibaki laini, kama la kwenye picha.

"Haikunjiki," alisema Aoko, aliyekuwa akimchungulia kwa karibu.

"Sindano huisha nguvu," Ngendo akasema. "Mvua ndefu ikifika, mikunjo itakuwa imerudi. Na ikirudi, Mburu, wewe ndio wa kwanza nitakukunjia uso. Nilikwambia uniruke, na wewe ukasema sawa."