Mbio za Asubuhi ya Sabato

Baraza la kanisa lilikaa Jumapili saa nane mchana, katika kanisa lao dogo karibu na Nyakoe. Ajenda ilikuwa moja tu: wanawake wawili walioonekana wakikimbia barabarani asubuhi ya Sabato. Mmoja alitambuliwa. Alikuwa Eucabeth, mwalimu wa darasa la watoto, naye alikuwa ameitwa ajieleze.

Hakuogopa sana. Yule wa pili alikuwa ameketi palepale mezani, kalamu mkononi, maana ndiye karani wa baraza. Jemimah huyo, rafiki yake tangu walipoolewa kijiji kimoja, ndiye aliyemchagulia raba za kwanza sokoni na kumwambia, "Wewe kimbia tu, mimi niko na wewe." Wakisimama wote wawili, Eucabeth aliwaza, wazee watasikia.

Na sababu alikuwa nayo. Miaka yote watu walimcheka. Alikuwa akibandika maharagwe, anaenda kuchuma majani chai kidogo, anakumbuka nguo za kufua, na harufu ya kuungua ndiyo iliyomrudisha jikoni. Darasani kwake Nuhu alijenga safina kila mwaka na wanyama hawakuwahi kupanda. Kisha daktari mmoja mjini Kisii akamwambia kwamba hiyo ni ADHD, hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, amezaliwa nayo, si uvivu wala laana. Dawa zipo, alisema, lakini mazoezi nayo husaidia: kimbia nusu saa mpaka jasho likutoke, kabla ya kazi inayotaka utulie. Hayaponyi, ila akili hutulia kwa saa kadhaa. Eucabeth alijaribu akaona ni kweli. Siku alizokimbia, watoto ishirini na watatu walisikia hadithi hadi mwisho, naye aliona raha ambayo hakuwahi kuipata kwenye kazi yoyote. Sasa ni siku gani angehitaji mbio kuliko Sabato yenyewe? Siri hiyo alimpa Jemimah peke yake. Hata mumewe alidhani anapunguza mwili.

"Dada Eucabeth," alianza mzee wa kanisa, Cleophas, "si ati tunakuchukia. Lakini Sabato si siku ya michezo. Ulikuwa unakimbia nini?"

Eucabeth alimtazama Jemimah. Jemimah akaweka kalamu chini, akasimama, na moyo wa Eucabeth ukatua.

"Wazee wangu, wacha nimsemee huyu dada," Jemimah alisema. "Msimhukumu. Ni mgonjwa. Daktari alimwambia kichwa chake hakitulii, ndiyo maana anakimbia hivyo. Mimi nimekuwa nikimwombea. Tumsaidie tu, tusimwachie watoto."

Aliyasema kwa sauti ya huruma, ile ya matangani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila walisahau kutuonya kwamba huwa kinakuita dada.

Mama Bochaberi, mwenye watoto wawili darasani, alijikunyata ndani ya shali yake. Eucabeth alitaka kusema kwamba yeye si kichaa, kwamba mbio ndizo dawa, kwamba waulizwe watoto wenyewe. Maneno yakaja yote kwa mpigo, yakasongamana mlangoni, na alilolitoa lilikuwa nusu ya hili na robo ya lile. Asubuhi hiyo hakukimbia. Jemimah alikuwa amempigia simu mapema: leo pumzika, mama, usije ukawakasirisha wazee zaidi. Sasa ndipo Eucabeth alipoielewa simu ile.

Waliamua upesi. Darasa lingepewa mtu mwingine mpaka atakapopona. Eucabeth alijua ugonjwa wake si wa kupona, hivyo alijua pia kwamba watoto wale hatawafundisha tena.

"Na yule wa pili?" Cleophas aliuliza. "Alikuwa nani?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Jemimah alikuwa ametazama daftari, shingo yake inalowa jasho. Lakini nani angemwamini sasa, yeye wa kichwa kisichotulia, akimtaja karani aliyetoka kumtetea? Wangesema ni ule ugonjwa unaongea.

"Nilikuwa peke yangu," Eucabeth alisema.

Jemimah akainama, akaandika.